UZI: Je, Shakespeare ndiye aliyeandika tamthiliya zake? Tuzipime hoja za wanaosema ni mtu mwingine

Kalamu ya Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Kila tukifungua uzi wa vitabu humu, haupiti ukurasa wa pili kabla mtu hajatupia kwamba William Shakespeare hakuandika chochote, kwamba jina lake lilikuwa pazia la mtu mkubwa aliyeogopa kujulikana. Nimeona tulipe jambo hili uzi wake lenyewe. Nimelifuatilia muda mrefu na nakiri linanigusa, kwa sababu ukizichimba hoja hizi hadi mizizini utakuta jambo moja tu: mtoto wa fundi anaambiwa hawezi kuwa na akili kiasi kile.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alibatizwa Stratford-upon-Avon tarehe 26 Aprili 1564. Baba yake, John, alikuwa mtengeneza glavu, na mwaka 1568 akawa mkuu wa baraza la mji. Mji ulikuwa na shule ya wavulana ambako Kilatini ndicho kilichoshindiliwa kutwa nzima. Orodha ya wanafunzi wa enzi zile imepotea yote, ya kila mtoto, wala si yake peke yake. Alioa akiwa na miaka 18, akapata watoto watatu. Mwaka 1592 tunamkuta London, na mtunzi mwenzake Robert Greene anamshambulia kwa maandishi, akimwita kunguru aliyeibuka juzi na kujipamba kwa manyoya ya wenzake. Greene alikuwa mhitimu wa chuo kikuu, na kilichomuudhi ni mwigizaji wa kawaida kuthubutu kuandika mashairi ya jukwaani. Mwaka 1594 Shakespeare ana hisa katika kundi la waigizaji la Lord Chamberlain. Akafariki Aprili 1616. Mwaka 1623 waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakatoa kitabu kikubwa chenye tamthiliya 36, na 18 kati ya hizo hazikuwahi kupigwa chapa kabla ya hapo.

Tangu afe, zaidi ya miaka 200 ilipita bila mtu kuleta hadharani hoja ya maana kwamba mwandishi ni mwingine. Mahasimu wake walikuwepo, wapinzani wa biashara walikuwepo, waigizaji waliofanya naye kazi kila siku walikuwepo. Wote wakanyamaza?

Aliyeipa hoja hii miguu ni mwanamke wa Kimarekani, Delia Bacon. Alichapisha makala yake mwaka 1856 na kitabu mwaka 1857, akisema tamthiliya zile ni kazi ya kundi la wakubwa akiwemo mwanafalsafa Francis Bacon. Hawakuwa ndugu, jina tu limegongana. Alikuwa mwanamke mwenye kipaji kikubwa, mhadhiri aliyejaza kumbi, na namheshimu kwa hilo. Lakini aliamini siri imefukiwa kaburini Stratford, akaenda kukesha ndani ya kanisa usiku na taa yake, akilitazama jiwe lenye maandishi yanayomlaani atakayeihamisha mifupa. Hakulifungua. Alifariki mwaka 1859, akiwa amelazwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Mimi humsoma kwa huzuni, kwa sababu waliomfuata walichukua wazo lake wakalifanya mchezo.

Maana baada yake ndipo walipoanza kutafuta misimbo. Ignatius Donnelly, aliyekuwa mbunge wa Marekani, alitoa kitabu kinene mwaka 1888 akidai ameona ujumbe wa Bacon umefichwa kwa hesabu za kurasa na maneno. Daktari mmoja wa Detroit, Orville Ward Owen, alitengeneza magurudumu mawili makubwa, akayazungushia turubai lenye urefu wa futi 1,000 hivi lililobandikwa kurasa za vitabu, akawa anazungusha na kuokota maneno yanayokutana. Msimbo wake ukamtuma mpaka Mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales, kuchimba masanduku ya miswada. Alichimba kwelikweli, asipate kitu.

Waliouvunja mtindo huu ni mume na mke, William na Elizebeth Friedman. Walikutana Riverbank, jimbo la Illinois, ambako tajiri mmoja aliwaajiri watu kutafuta misimbo ya Bacon ndani ya Shakespeare. Yaani walianzia ndani ya kambi yenyewe. Baadaye wakawa miongoni mwa wafumbuzi wakubwa wa misimbo ya maadui waliowahi kuitumikia Marekani. Mwaka 1957 wakatoa kitabu wakionyesha, msimbo mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna ujumbe. Kipimo chao ni rahisi: msimbo wa kweli, watu wawili wakiufungua kwa kanuni ileile, lazima wafike kwenye jibu lilelile. Misimbo ya akina Donnelly inampa kila mtu anachokitaka.

Karibuni tuchangie.

Bint Pangani

Asante mleta uzi, umeandika kwa ustaarabu. Ila naomba nikubane kidogo kaka yangu. Mimi Shakespeare nilimjua kupitia Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, kitabu cha baba yangu. Mle ndani Roma imechorwa kana kwamba mwandishi aliishi mtaani kwao. Mtoto wa mtengeneza glavu, asiye na chuo wala safari ya Italia inayojulikana, alijulia wapi? Halafu nasikia wosia wake hautaji kitabu hata kimoja. Hapo ndipo mimi hukwama.

Kalamu ya Chumbageni

Dada, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote na nashukuru umelileta.

Roma ya Kaizari aliipata kitabuni. Thomas North alichapisha kwa Kiingereza mwaka 1579 maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma yaliyoandikwa na Plutarch, Mgiriki wa kale. Ukiweka kurasa za North pembeni mwa tamthiliya unaona mtunzi anafuata tukio kwa tukio, mahali pengine sentensi kwa sentensi. Sasa, toleo la pili la kitabu hicho, la mwaka 1595, lilipigwa chapa na Richard Field. Huyu Field ni mtoto wa Stratford, umri wao hauachani sana, na baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. John Shakespeare alikuwa mmoja wa waliotathmini mali za mzee Field alipofariki mwaka 1592. Mwaka uliofuata Richard akapiga chapa Venus and Adonis, kitabu cha kwanza kubeba jina la William Shakespeare. Kijana wa mji wako ana kiwanda cha chapa London kilichojaa vitabu unavyovihitaji. Hapo chuo kikuu kinahitajika cha nini?

Na ukitazama vizuri, ile Roma ina nyufa. Wale wanaopanga kumuua Kaizari wanasikia saa ikigonga mara tatu, wakati Roma haikuwa na saa za kugonga. Katika The Winter's Tale meli inatia nanga pwani ya Bohemia, nchi isiyo na bahari. Ben Jonson, rafiki na mshindani wake, alilicheka kosa hilo mwaka 1619 akizungumza na mwenyeji wake kule Scotland. Fikiria hapo: Jonson analaumu kosa la mtu anayemjua. Msomi wa kiwango cha Francis Bacon, au bwana mkubwa aliyetembea Italia, angeteleza hivyo?

Upande wa pili, anajua mambo ambayo watoto wa majumba makubwa hawakuyajua. Katika The Merry Wives of Windsor mtu anaulizwa kama bwana wake ana ndevu za mviringo kama kisu cha kupunguzia ngozi cha mtengeneza glavu. Katika Twelfth Night mchekeshaji anasema sentensi kwa mtu mwerevu ni kama glavu ya ngozi laini ya mwanambuzi, upesi tu unaigeuza ya ndani ikawa nje. Ni macho ya aliyekaa karakana ya baba yake.

Kuhusu wosia, kweli hautaji vitabu. Orodha ya vitu vya nyumbani ilikuwa hati ya kando, na ya kwake haikutufikia. Lakini wosia uleule unawaachia waigizaji watatu, Heminges, Burbage na Condell, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete za kumkumbuka. Wawili kati ya hao ndio waliotoa kitabu cha 1623. Kwa hiyo mtu wa Stratford na mtu wa jukwaa la London wamefungwa pamoja kwenye karatasi moja ya kisheria.

Sauti ya Ghuba

Salaam kutoka Muscat. Huku kuna kisa kinachozunguka miaka yote, kwamba Shakespeare ni Mwarabu, jina lake halisi Sheikh Zubeir. Hata Gaddafi alilisema. Wazee wetu wengine wanaliamini kabisa. Lina msingi gani?

Kalamu ya Chumbageni

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kisa hicho asili yake inarudishwa kwa mwandishi wa Kilebanoni wa karne ya 19, Ahmad Faris al-Shidyaq, aliyekitoa kama mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 msomi wa Iraq, Safa Khulusi, akakichukua kwa uzito na kujaribu kukijengea hoja. Gaddafi akakipaza, dunia nzima ikasikia.

Msingi wake ni sauti ya jina, basi. Familia ya Shakespeare iko kwenye rekodi za Warwickshire, babu, baba, mama Mary Arden, wajomba, mashamba, madeni na kesi za mahakamani. Naelewa kwa nini kinapendeza. Watu waliotawaliwa na Waingereza wakaambiwa huyu ndiye kilele cha akili ya mwanadamu, kumdai awe wa kwao ni namna ya kujibu. Lakini Waarabu wana Al-Mutanabbi na Al-Ma'arri, na washairi hao hawahitaji kuazima mtu wa Stratford ili wasimame.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu umeshughulika na Bacon na Sheikh Zubeir kwa sababu ni wepesi kuwaangusha. Nenda kwa mwenye nguvu sasa. Edward de Vere, mwenye cheo cha kikabaila cha Earl wa 17 wa Oxford. Alikaa ikulu, alitembea Italia, alikuwa mshairi anayejulikana, aliwafadhili waigizaji. Sigmund Freud mwenyewe alishawishika. Waigizaji wakubwa wa Uingereza kama Derek Jacobi na Mark Rylance walitia sahihi tamko la mashaka mwaka 2007. Hao wote hawana akili?

Kalamu ya Chumbageni

Wana akili sana mkuu, na Rylance jukwaani namheshimu mno. Lakini mtu mwenye akili akianza na swali lililopinda hufika penye kupinda.

Hoja ya Oxford ililetwa mwaka 1920 na mwalimu Mwingereza, Thomas Looney. Alizisoma tamthiliya, akaandika sifa ambazo aliamini mwandishi lazima awe nazo: mtu wa tabaka la juu, mpenda Italia, mpenda michezo ya wakubwa, mzembe wa fedha. Kisha akatafuta nani anafanana na orodha. Ukiandika mwenyewe orodha ya sifa za mwizi, halafu ukazunguka mtaani kutafuta anayefanana nayo, utampata tu.

Tatizo la kwanza ni kalenda. De Vere alifariki tarehe 24 Juni 1604. Tarehe 29 Juni 1613 ukumbi wa Globe uliteketea kwa moto wakati wa onyesho la tamthiliya ya Henry VIII, na mwanadiplomasia Henry Wotton, katika barua ya siku chache baadaye, anaiita tamthiliya mpya. Mwandishi anayedaiwa ana miaka tisa kaburini. The Tempest, ile aliyoitafsiri Mushi kwa jina la Tufani, ilichezwa ikulu Novemba 1611, na wataalamu wengi wanaona ndani yake habari za meli ya Sea Venture iliyovunjika Bermuda mwaka 1609. Wafuasi wa Oxford wanajibu kwamba aliacha miswada ikawa inatolewa kidogokidogo. Basi miswada hiyo ilijuaje kwamba kundi litaanza kutumia pia ukumbi wa ndani wa Blackfriars, unaowashwa mishumaa, ambako mchezo husimama kati ya kitendo na kitendo ili mishumaa ishughulikiwe? Tamthiliya za miaka hiyo zimejengwa kwa ukumbi huo.

Tatizo la pili, mwaka 1598 mwandishi Francis Meres alichapisha orodha ya watunzi bora wa komedi wa Kiingereza. Kwenye orodha ileile wapo Earl wa Oxford na Shakespeare, kila mmoja kwa jina lake, watu wawili.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na naomba msilipite haraka. Much Ado About Nothing ilichapwa mwaka 1600. Kuna onyesho la walinzi wawili wajinga, Dogberry na Verges, wakihoji watuhumiwa. Kwenye chapa ile, pembeni mwa mistari ambako ungetarajia majina ya wahusika, yamechapwa Kemp na Cowley. Hao ni Will Kemp, mchekeshaji mkubwa wa kundi, na Richard Cowley, mwigizaji mwenzake. Mwandishi alipokuwa anaandika hakumwona Dogberry kichwani, alimwona Kemp, akaandika jina la Kemp kwenye karatasi, na mpiga chapa akalifuata kama lilivyo. Kosa la aina hiyo linafanywa na mtu anayekaa chumba kimoja na waigizaji, anayejua Kemp akisimama vipi watu watacheka.

Na Kemp alipoondoka kwenye kundi karibu mwaka 1599, akaja Robert Armin, mchekeshaji wa aina nyingine, mwimbaji mwenye ulimi wa kuchoma. Papo hapo wachekeshaji wa tamthiliya wanabadilika. Wanakuja Feste wa Twelfth Night na yule mchekeshaji wa King Lear, wanaoimba na kuwaambia wakubwa ukweli. Earl aliyejifungia kwenye jumba lake angebadilisha kalamu kila mwajiriwa wa kundi la watu wengine anapoacha kazi?

Mzee wa Maktaba

Vijana, mjadala mzuri. Mimi nilisoma Urusi enzi za Wasovieti, na kule kulikuwa na kesi mfano wa hii. Mikhail Sholokhov alianza kutoa riwaya yake kubwa ya mto Don mwaka 1928 akiwa na miaka ishirini na ushee. Uvumi ukaanza hapohapo kwamba ameiba miswada ya ofisa wa Jeshi Jeupe, lile lililopigana na Wabolsheviki, kwa sababu kijana mdogo mwenye elimu ya kuungaunga asingeweza. Mwaka 1929 ikaundwa tume, ikamsafisha. Miaka ya 1970 mwandishi Solzhenitsyn akaliibua upya. Wanazuoni wa Skandinavia wakapima lugha yake kwa kompyuta, matokeo yakawa upande wa Sholokhov. Kisha mwaka 1999 miswada yake ya mkono ikapatikana na kuingia Taasisi ya Gorky Moscow, na masahihisho yake ndani. Wapo wasiokubali mpaka leo. Mtu akishaamua, hata ukimletea karatasi atasema karatasi imenakiliwa.

Kalamu ya Chumbageni

Mzee shikamoo, na asante sana. Umetoa mfano uleule wa ugonjwa uleule: umri mdogo, elimu ndogo, basi mwizi.

Sisi Waswahili tuna sababu ya kulikataa wazo hili kuliko wengi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam miaka ya 1920, kisha akawa karani wa serikali ya kikoloni, kuanzia idara ya forodha. Chuo kikuu hakukanyaga. Mtu akija baada ya miaka 300 na orodha ya Looney mkononi atasema karani wa forodha hakuandika Kusadikika, lazima ni bwana fulani wa ofisini aliyejificha. Tutamjibu kwa hasira, na tutakuwa na haki.

Bint Pangani

Kaka hapo umenigusa. Ila kuna kitu bado. Mbona hatuna mwandiko wake? Sholokhov miswada imepatikana.

Kalamu ya Chumbageni

Miswada ya tamthiliya za enzi zile karibu yote imepotea, ya watunzi wote. Ikishachapwa au kuchakaa, karatasi hazikuwa na thamani. Za Shakespeare tuna sahihi sita zinazokubalika, na inawezekana sana tuna kurasa tatu zaidi.

Maktaba ya Uingereza, London, inatunza muswada wa tamthiliya ya Sir Thomas More, ulioandikwa na mikono kadhaa. Mkono mmoja, unaoitwa Mkono D, umeandika kurasa tatu. Mada yake ni ghasia za watu wa London wanaotaka kuwafukuza wageni. More anasimama mbele yao na kuwaambia wawawazie wageni wale, watoto mgongoni, vifurushi mkononi, wakijikokota kwenda bandarini. Kisha anawauliza, nanyi mkifukuzwa kwenu mtakimbilia nchi gani, na mtataka mpokewe vipi? Wataalamu wamelinganisha umbo la herufi na zile sahihi. Wamelinganisha pia tahajia: neno la Kiingereza la kimya, silence, limeandikwa kwa namna ya nadra sana, s na c mwanzoni, na tahajia hiyohiyo inaonekana kwenye chapa ya 1600 ya Henry IV sehemu ya pili, kwenye jina la mhusika Silence. Mistari inaanza, inafutwa, inaanza upya, karibu bila alama za vituo. Ni mtu anayefikiri mbio kuliko mkono wake. Picha za kurasa hizo maktaba iliwahi kuziweka mtandaoni.

Wakili wa Kijiweni

Nakubali hoja ya Kemp ni nzito, sikuwahi kuisikia. Na Marlowe, mtunzi wa enzi hizohizo, je? Wanasema hakufa Deptford, alitoroshwa akaendelea kuandika kwa jina la Shakespeare. Na nimesoma kwamba Chuo Kikuu cha Oxford wenyewe wameweka jina la Marlowe kwenye tamthiliya za Shakespeare.

Kalamu ya Chumbageni

Mkuu hapo kuna vitu viwili tofauti na vinachanganywa sana.

Christopher Marlowe alichomwa kisu juu ya jicho na Ingram Frizer, Deptford, tarehe 30 Mei 1593. Ripoti ya uchunguzi wa kifo hicho ilipatikana na Leslie Hotson na kuchapishwa mwaka 1925. Majasusi waliokuwa chumbani wanatia shaka kuhusu sababu ya ugomvi, hilo nakubali. Lakini maiti ilitazamwa na wazee wa baraza 16. Mmarekani Calvin Hoffman aliyeeneza hoja ya kutoroshwa alipata kibali mwaka 1956 kufungua kaburi la ukoo wa Walsingham, wafadhili wa Marlowe, akitafuta miswada, akakuta mchanga.

Uliyosoma kuhusu Chuo Kikuu cha Oxford ni kweli, na ni habari njema. Toleo lao la kazi za Shakespeare la mwaka 2016 limemtaja Marlowe kuwa mtunzi mwenza wa tamthiliya tatu za Henry VI. Hizo ni za mwanzo kabisa, Marlowe akiwa hai. Watunzi wa London waligawana kazi, huyu kitendo cha kwanza, yule cha pili, maana makundi yalihitaji michezo mipya bila kupumzika. George Peele anaonekana kwenye Titus Andronicus, Thomas Middleton kwenye Timon of Athens, George Wilkins kwenye Pericles. Hapo ndipo swali la nani kaandika nini linapokuwa na nyama, na linajibika: John Fletcher, mtunzi mwenza wa Henry VIII, anapenda kufupisha "them" kuwa "'em" na mistari yake inaishia silabi moja ya ziada, hivyo ukisoma Henry VIII kwa sauti unasikia kalamu ikibadilika mkono.

Anayetaka kuanza mahali, atafute The Two Noble Kinsmen. Ilichapwa mwaka 1634, na ukurasa wa jina unawataja wote wawili, Fletcher na Shakespeare. Asome kitendo cha kwanza, kisha cha pili, aje hapa atuambie amesikia watu wangapi.